Chambo Kinacholia na Sikio la Jodari

Kwa macho ni kisamaki cha plastiki kama vingine vya kurambazia. Tofauti iko tumboni: betri ya saa, saketi ndogo, na kisahani chembamba kinachotetemeka umeme ukipita, ndugu wa kile kinacholia kwenye saa ya kengele. Swichi hakina. Nje vimechomoza vichwa viwili vya chuma. Maji ya chumvi yakivigusa, umeme unavuka na chambo kinaanza kulia. Changu kiliwahi kunililia usiku kucha ndani ya mfuko uliolowa.

Tulikijaribu Ghuba ya Mikindani, kwa ngalawa, nje ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Majaribio ya namna hii huharibika kirahisi. Mtu hufunga chambo kipya, akapata nguru, akakisifu mpaka sokoni, wala hajui kilichomvuta ni sauti, rangi, mwendo au maji kujaa. Kwa hiyo tulichukua viwili vya rangi moja: kimoja kina betri nzima, kingine betri iliyokufa, ili uzito usipishane. Mishipi ilikuwa ya urefu mmoja, na kila mzunguko tuliibadilisha upande, maana goshini na demani maji hayafanani.

Kolekole walikula vyote viwili. Nahodha hakushangaa. "Mwanangu, maji meupe haya. Samaki anakiona."

Sikuridhika. Nyumbani nilikitia chambo kwenye beseni la maji ya bahari, nikaweka kando simu yenye programu ya kupima sauti. Kilikuwa kikilia kwa hezi elfu kadhaa, na si ajabu: kisahani kidogo kama sarafu hakiwezi kutoa mvumo mzito wenye nguvu. Tatizo ndilo hilo. Majaribio yaliyofanywa Hawaii miaka ya 1960 yalionyesha kwamba jodari wa mapezi ya manjano husikia takriban hezi 50 hadi 1,100, na vizuri zaidi karibu na 500. Sehewa, ambaye hana kibofu cha hewa, ni mzito wa sikio kuliko yeye. Jamii ya dagaa ndiyo husikia sauti nyembamba zaidi, lakini dagaa ndiye mliwa. Tumenunua filimbi inayosikiwa na mbuzi ili kumwita chui.

Kinachomfikia mwindaji ni mtikisiko wenyewe. Chambo kikiyumba husukuma maji, na samaki huuhisi msukumo huo kwa mstari wa ubavuni, akiwa karibu tu. Kwa kazi hiyo betri haihitajiki.

Sauti nzito ni habari nyingine. Majini sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Mwaka 1963 Donald Nelson na Samuel Gruber walichapisha matokeo yao: papa walifuata midundo mizito iliyopigwa bila mpangilio, kama ya samaki anayetapatapa. Wavuvi wa New Ireland, Papua New Guinea, walikuwa wakiita papa tangu zamani kwa vifuu vya nazi vilivyotungwa kwenye pete na kutikiswa majini. Pwani ya Mtwara, ambako sauti iliyozoeleka zaidi katika uvuvi ilikuwa mlipuko wa baruti, chombo kama hicho kina upole wa kupendeza.

Kosa letu kubwa lilikuwa mahali. Chambo cha sauti kina maana pale jicho linaposhindwa, na tulikipeleka kwenye maji ambayo unahesabu mawe ya chini. Masika, Ruvuma ikishusha tope, kolekole huwinda ndani ya maji kama chai ya maziwa. Huko ndiko kwa kurudia, tukiwa na kibali kama tutaingia hifadhini, na mishipi mitatu badala ya miwili: chenye betri, kilichokufa, na kilichokufa ambacho juu yake vinatikiswa vifuu. Nahodha ameshatoboa sita.