Zimwi Likujualo

Mbaazi kumi kwa kila mchezaji. Ndivyo mpwa wangu alivyokuwa akigawa uhai wa mchezo wake kwenye baraza ya mama yake, hapa Mutuka, Babati, Jumapili mchana watu wakishatoka kanisani. Ukiumwa unarudisha punje bakulini, zikiisha umekufa. Vizibo vya soda ndio fisi. Kuna dadu moja yenye nyuso ishirini, iliyopanda basi kutoka Arusha ndani ya bahasha kama dawa ya mgonjwa. Mimi nilikwenda kumwomba aje anitazamie pampu ya maji. Akanijibu bila kuinua macho, "Shikamoo Mjomba. Kaa kidogo, tuko vitani." Nikakaa juu ya gunia.

Wachezaji walikuwa wanne. Katika hadithi aliyowasimulia mpwa wangu walikuwa wakisindikiza chumvi kutoka ziwa Balangida, usiku, na punda wao mmoja alikuwa ameshafia njiani. Fisi sita wakawazunguka. Nilipofika, wawili walikuwa na punje tano tano, mmoja nne, na binti mmoja mpole, aliyekuwa akija pale na kitenge cha dada yake, alibaki na mbili. Ilikuwa zamu ya fisi.

Mpwa wangu alinyamaza. Dadu ilikuwa mkononi, hakuirusha. Akamtazama kila mmoja usoni, kwa zamu, kama mama anayegawa nyama na kujua imepungua. Kisha akasema upepo umegeuka; fisi watatu wameinua pua, wanarudi nyuma, kule alikolala punda. Watatu wakabaki. Binti akapoteza punje moja, akabaki na moja, na ni yeye aliyemchoma mkuki fisi wa mwisho. Kelele zilizopigwa hapo ziliwatoa kuku wa jirani uani.

Baadaye nilimwambia, "Umemwonea huruma."

"Hapana, Mjomba. Punda alikufa mapema, wote walisikia. Fisi gani atamwacha punda aliyelala akahangaike na watu wenye mikuki?"

Nilisahau pampu. Tangu siku hiyo sijaacha kufikiri juu ya kazi ile, maana ni kazi, na ina mafundi wake: kazi ya kupima hatari. Kumtengeneza adui ambaye atamtoa mtu jasho, amfikishe ukingoni, lakini njia ya kutoka iwe imekuwepo tangu mwanzo, imelala mahali kama yule punda. Adui akiwa dhaifu, watu wanapiga miayo. Akizidi, wanakufa bila kujua walikosea wapi, na mtu asiyejua alikosea wapi hajajifunza kitu.

Methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha huwa tunawasemea ndugu na watesi tuliokwisha kuwazoea. Nilipomtazama kijana akisoma nyuso, niliisikia upya. Ili zimwi lisikumalize, lazima kwanza likujue.

Bibi yangu alijua. Jikoni kwake moto ulikuwa wa magunzi, moshi ukitupeleka huku na huku, na sisi wajukuu tulipangwa kwa ukubwa, wadogo karibu na magoti yake. Hadithi ya zimwi na watoto waliopotea porini aliisimulia mara nyingi kuliko zote, na nikiwa mdogo niliamini anasahau, maana zimwi lile halikukaa na umbo moja. Kuna usiku lilichechemea. Kuna usiku lilikuwa na macho mawili tu na usingizi mzito. Usiku mwingine lilikuwa na ndugu, na ndugu huyo ananusa.

Nilichelewa sana kuelewa. Zimwi lilichechemea mdogo wangu alipokuwa na homa, amelazwa pale pale kwenye mkeka akisikiliza kwa jicho moja. Ndugu yake zimwi alitokea jioni ile sisi wakubwa tuliporudi machungani tukijigamba kwamba tumemfukuza chui, ambaye, sasa naweza kusema, hatukumwona. Bibi hakutukaripia. Alituongezea zimwi. Tulikwenda kulala tumeshikana nguo.

Na jambo moja hakulifanya hata siku moja: hakumwokoa mtoto wa hadithi kwa kitu ambacho hakukitaja. Kama mbegu za boga zitaota zifunge njia, basi mbegu hizo zilikuwa mfukoni tangu mtoto anaaga nyumbani, zimetajwa kwa sauti ya kawaida, katikati ya mambo mengine yasiyo na maana. Kwa hiyo tulikuwa tunasikiliza kila kitu. Kibuyu, kisu butu, ndege aliyelia mara mbili. Sijaona mwalimu aliyenifunza kusikiliza kuliko yule mama, naye hakujua kusoma.

Waswahili wa pwani wana hadithi inayoonyesha ufundi huu wa kupima hatari waziwazi. Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapa London mwaka 1870, ndiyo ile ya Sultani Majnuni. Paka wa sultani anaanza na kuku. Watu wanashitaki, sultani hajali. Paka ni wake na kuku ni wake. Paka anapanda, anakula wanyama wakubwa zaidi, anakula watu, mpaka wana wa sultani mwenyewe, na kufikia hapo haitwi paka tena, ni nunda. Mtoto mdogo wa sultani anaondoka kumtafuta. Sasa tazama msimulizi anavyofanya: hampeleki kijana moja kwa moja kwa nunda. Anampa mbwa. Kijana anaua, anakokota mzoga nyumbani kwa nyimbo, na mama yake anamwambia huyo siye. Anampa ngawa. Siye. Punda milia, twiga, kifaru, tembo, kila safari mnyama mkubwa zaidi, kila safari mama anamsihi aache. Anapomkuta nunda amelala mlimani, kijana ni mtu mwingine, na sisi tunaosikiliza tumepanda naye ngazi ile kipago kwa kipago. Ukiondoa ngawa na twiga unabaki na mvulana anayejiua.

Mchezo wa mpwa wangu umetoka mbali. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliutoa mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na mwanzoni hatari zilipangwa kwa kina cha pango: ukishuka zaidi unakutana na wabaya zaidi, shauri lako. Baadaye wenye vitabu wakataka hesabu. Toleo la mwaka 2000 lilimpa kila mnyama namba ya ukali, wakimpima dhidi ya watu wanne. Namba ikilingana na daraja lao, pambano lilitarajiwa kuwala kama moja ya tano ya nguvu zao. Hapo niliwavulia kofia, maana walikubali kwamba adui mzuri kazi yake ni kugharimu. Toleo la mwaka 2014 likaja na kuzidisha: adui wawili, zidisha ukali wao kwa moja na nusu, watatu hadi sita, kwa mbili. Sababu yake mfugaji yeyote wa hapa Babati anaijua. Simba mmoja akizungukwa na watu wanne anapigwa mara nne kila anapopiga mara moja. Fisi sita hakuna aliye simba, lakini midomo ni sita. Mwaka 2024 kizidisho hicho kikaondolewa. Mpwa wangu anazo hesabu zote hizo kwenye daftari la shule, na ndiyo maana aliweka fisi sita. Hesabu ilimwambia wanatosha. Hesabu haikumwambia kwamba binti yule hushika mkuki wake wa maneno kwa kusitasita, na kwamba akifa Jumapili hiyo hatarudi Jumapili nyingine.

Kuna kundi jingine mjini lililojaribu mchezo huu. Kiongozi wao alitaka kushinda. Aliwaua wote kabla chai haijapoa, akacheka, na kundi likafia hapo hapo. Mtu mwenye uwezo wa kuleta joka wakati wowote anajivunia nini akimshinda mwenye punje kumi?

Lakini yeye angalau alikuwa mtu. Wajukuu zangu wanacheza kwenye simu, na humo nimeona adui anakuwa mgumu pale tu mtoto anapokaribia kununua upanga. Kinachopimwa ni mfuko wa baba. Hadithi nazo zimeingia humo humo: sauti tamu, picha za rangi, na zimwi la kimo kimoja kwa mtoto mwenye homa na kwa mtoto mwenye majigambo, kwa wa Mutuka na wa Dar es Salaam. Likimtisha mno, haliwezi kuona. Na sisi wazee tumefurahi, maana mtoto ametulia.

Mpwa wangu amepata kazi Dodoma. Ile dadu ameondoka nayo. Mbaazi mama yake alizirudisha kwenye gunia, sina shaka zimeshapikwa. Wiki iliyopita umeme ulikatika na mjukuu wangu, ana miaka sita, akasogea akaomba hadithi. Nikasema hapa ndipo. Nikaanza na watoto waliopotea porini, nikalileta zimwi, na kwa kuwa nilitaka limpendeze nikalipa ndugu, na pua, na meno ya chuma. Giza lilikuwa nene, sikuuona uso wake. Nilipofika kwenye mto nikakumbuka kwamba sikuzitaja mbegu za boga. Nikasita, nikitafuta mahali pa kuzirudisha.

"Babu," akasema, "basi. Inatosha."