Jina kwenye Kisanduku

Kijana huyu hana ofisi. Ana kiti chake katika saiba moja ya Kitengela, si mbali na barabara ya Namanga, na kazi yake ni kuzitafutia viungo tovuti za wauza ploti kwa kuacha maoni kwenye blogu za watu. Nimemwona akisoma makala kuhusu floridi katika maji ya visima hadi mwisho, kisha akashuka kuyapitia maoni ya waliomtangulia, asije akarudia lililokwisha semwa. Ndipo akaandika sentensi nne: mnunuzi aulize maji yalipimwa lini, na nani aliyeyapima. Ploti ya mteja wake hakuitaja.

Ufundi wenyewe uko kwenye kile kisanduku cha jina. Jina ndilo hubeba kiungo, kwa hiyo wengi hujiita "Ploti Bei Nafuu Kitengela". Yeye huandika jina alilopewa na wazazi wake. "Kwani mzee, ukipiga hodi kwa watu unajitaja kwa jina la duka?" aliniuliza. Nilicheka, lakini tangu hapo siwezi kuyasoma maoni bila kwanza kutazama nani amejiita nani.

Wanaoikumbuka Kenyan Pundit, blogu ya Ory Okolloh, wanajua maoni yalivyokuwa na uzito. Mwishoni mwa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, wasomaji walipeleka kwake habari walizokosa redioni. Na Januari 2008 wazo la ramani ya ghasia za baada ya uchaguzi alilolitoa kwenye blogu hiyo likazaa jukwaa la Ushahidi. Zama hizo ukikuta maoni yenye akili ulimfuata aliyeyaandika mpaka kwake, ukakuta blogu nyingine, na kutoka huko nyingine tena. Tulijuana hivyo. Kiungo kilikuwa ujira wa aliyesoma vizuri, na wala hatukukihesabu.

Google ilikuwa ikihesabu. Tangu 1998 Larry Page na Sergey Brin walikichukulia kila kiungo kuwa kura, na palipo na kura wanunuzi wa kura hawakosi. Sisi Wakenya tusijifanye kushangaa. Zikaja programu za kumwaga "makala nzuri sana" kwenye maelfu ya blogu kwa usiku mmoja. Januari 2005 ikaletwa alama ya nofollow, kiungo cha maoni kisihesabiwe. Aprili 2012 sasisho la Google liitwalo Penguin likazishusha tovuti zilizojaziwa viungo vya hila. Walafi hao siwalilii. Ninachokisikitikia ni kwamba wenye blogu, kwa kuchoka kufagia takataka, walifunga maoni kabisa, na msomaji wa kweli akafungiwa nje pamoja na walafi.

Wanaobaki wazi ni wachache, na kijana wangu akipata watano kwa siku anashukuru. Muuza ploti mmoja amekwisha mhama. Amempata anayemletea viungo mia kabla ya chakula cha mchana, na hajawahi kuuliza kumeandikwa nini.