Jezi ya Stand United Inavyosomwa

Anayekusanya jezi za mpira akiwa Runzewe ana bahati ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana: jezi za timu za ukanda huu bado ziko migongoni mwa watu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaingia nazo kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, vijana wa karasha, mashine za kusagia mawe, wanashinda nazo kwenye vumbi, na zikichakaa zinaishia kuwa matambara ya kufutia pikipiki. Jezi ya Arsenal ya mwaka wowote ina watu wa kuitunza dunia nzima. Ya Stand United haina, ndiyo maana naanza nayo.

Kabla mkoa wa Geita haujaanzishwa mwaka 2012, Bukombe, wilaya yenye Runzewe, ilikuwa mkoa wa Shinyanga, na timu za Shinyanga zilikuwa za nyumbani. Stand, kwa jina la utani Chama la Wana, ilizaliwa stendi ya mabasi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kushuka baada ya msimu wa 2018/19. Jezi yake ya Ligi Kuu, basi, ni ya mmoja kati ya misimu mitano. Kazi ni kujua upi.

Anza kifuani. Neno Acacia linafunga mlango haraka sana. Kampuni ya madini ya African Barrick Gold ilianza kujiita hivyo mwishoni mwa 2014, ikaidhamini Stand mwaka 2015, na udhamini ukavunjika 2016 klabu ikiwa kwenye mgogoro wa uongozi. Ukikuta Acacia, uko kwenye msimu wa 2015/16 au karibu nao mno. Kisha angalia mkono. Nembo ya Vodacom, waliokuwa wadhamini wa ligi, inakubaliana na misimu minne ya kwanza, lakini 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Vodacom walirudi 2019, Stand ikiwa imeshashuka. Alex Kitenge wa Stand aliifunga Yanga mabao matatu Septemba 2018, mechi ambayo Yanga walishinda 4-3. Ukiletewa jezi inayodaiwa kuwa ya Kitenge siku ile na mkononi imeandikwa Vodacom, uliza maswali mengi kabla hujatoa hela.

Tatizo ni kwamba jezi nyingi za huku zimeshapoteza maandishi. Herufi zilizobandikwa kwa mashine ya joto hushikiliwa na gundi, na gundi hiyo huchoka kwa jua, sabuni kali na pasi. Lakini hata herufi zikibanduka zote, mahali zilipokaa pana kumbukumbu. Tandaza jezi mezani kwenye chumba chenye giza, washa tochi ya simu, uilaze pembeni mwanga upite juu ya kitambaa badala ya kukipiga kutoka juu. Sehemu iliyofunikwa na herufi haikupauka kama sehemu nyingine, na mabaki ya gundi yamenasa vumbi, kwa hiyo ukingo wa herufi unasimama. Nyuma ya kitambaa, upande wa ndani, mara nyingi kuna mng'ao wa joto la mashine wenye umbo la namba. Piga picha ukiwa umesogeza tochi pande zote nne; upande mmoja unaweza kuonyesha kilichofichwa na mwingine. Usikwangue gundi ili jezi ipendeze, maana gundi hiyo ndiyo ushahidi wenyewe.

Kutofautisha jezi ya mchezaji na ya shabiki ni kazi ngumu zaidi, na hapo picha za mechi ndizo zinazoamua. Azam TV imeonyesha Ligi Kuu tangu 2013. Simamisha video, tazama namba imekaa wapi ukilinganisha na mshono wa bega, nembo imeinama kiasi gani. Namba zilizobandikwa kwa mkono hazikai sawasawa katika jezi mbili.

Kuosha: maji baridi, sabuni laini, ndani nje, ianikwe kivulini. Ikiwa unaamini ilichezewa mechi, usiioshe kabisa mpaka umeshapiga picha kila doa. Kuhifadhi: mfuko wa nailoni uliofungwa hunasa unyevu na kuleta ukungu. Shuka la pamba linatosha.

Kwa anayeanza leo Runzewe, ningemshauri atafute Geita Gold. Walipanda Ligi Kuu 2021, msimu ambao benki ya NBC ilichukua udhamini wa ligi, na George Mpole akamaliza mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Walishuka 2024. Ni misimu mitatu tu, na walioshuhudia wapo. Ukinunua, muulize muuzaji aliipata wapi na lini, uandike jibu lake kwenye karatasi siku hiyo hiyo, uihifadhi pamoja na jezi.