Kilomita 10 kutoka Katonga ni Bohr ngapi? Swali bovu, na namna ya kulitengeneza

Fungua programu ya kubadilisha vipimo kwenye simu yako. Ukishapita maili, futi na yadi, huenda ukakuta majina ambayo hakuna fundi anayeyatumia: angstromu, fermi, nusukipenyo cha Bohr, kizio X. Sasa tuseme bodaboda amekutoa Katonga akakupeleka kilomita 10. Andika 10, chagua Bohr, bonyeza. Jibu linakuja bila aibu: 188,972,612,460,000.

Unaona raha, si ndiyo? Mazoezi ya namna hii yapo hata madarasani, na mwanafunzi akipatia anapewa vema. Sisi tunaona lilivyo ni zoezi bovu, na ubovu wake si kwamba namba ni kubwa.

Itazame ile 6 ya mwisho. Iko kwenye makumi elfu, na Bohr 10,000 ni kama nusu mikromita, yaani pafupi kuliko urefu wa bakteria wengi. Kwa hiyo simu inadai inajua pikipiki ilisimama wapi kwa usahihi wa chini ya bakteria mmoja. Nani aliipima hivyo? Wewe ulisema "kilomita 10" kwa kukisia tu. Kubadilisha kizio hakuongezi ujuzi hata chembe. Ulichokuwa hukijui kwa kilomita, hukijui kwa Bohr pia.

Angstromu na fermi ndo hazina jipya kabisa. Kilomita 10 ni angstromu 1 na sifuri 14, au fermi 1 na sifuri 19. Hapo umehesabu sifuri, basi.

Kizio X kina kisa kizuri zaidi, na programu inakificha. Mswidi Manne Siegbahn alikitengeneza kwa ajili ya eksirei, akitegemea nafasi kati ya tabaka za atomu ndani ya fuwele ya kalisaiti. Kilikusudiwa kuwa sawa na sehemu moja ya elfu ya angstromu. Baadaye ikagundulika kimezidi kwa karibu asilimia 0.2, maana hesabu ya nafasi ile ilitegemea chaji ya elektroni aliyoipima Millikan, na Millikan alikuwa ametumia namba yenye kasoro kidogo ya mnato wa hewa. Kosa la hewa likaingia kwenye fuwele! Kwa safari yako ya Katonga, asilimia hiyo ni mita 20 na ushee. Tena vizio X viko viwili, cha shaba na cha molibdeni, na kwenye kilomita 10 tofauti yao ni kama sentimita 22. Shubiri moja. Programu ikikwambia "kizio X" bila kusema kipi, tarakimu zake za mwishoni ni pambo.

Lakini usivitupe vizio hivi. Wazee wetu walipima kwa shubiri, dhiraa na pima kwa sababu mwili upo na kazi ipo palepale. Nusukipenyo cha Bohr ni shubiri ya atomu ya haidrojeni. Ukipima kwa hicho, umbali kati ya atomu mbili za molekuli ya haidrojeni ni 1.4 tu, na milinganyo inakuwa myepesi. Angstromu nayo ilitokana na kazi ya Anders Ångström ya mwaka 1868 juu ya mwanga wa jua. Tupa chumvi ya Uvinza kwenye moto uone ile rangi ya njano: urefu wa wimbi lake ni angstromu 5,890 hivi. Namba hiyo inakaa kichwani.

Kwa hiyo swali zuri si Katonga mpaka wapi. Ni hili: je, kuna kitu nyumbani kwako ambacho kweli kinafika kwenye angstromu? Kipo. Chukua beseni pana na safi, weka maji, nyunyiza unga kidogo sana juu yake. Chovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya kula, ibaki na tone la nusu milimita, kisha gusa maji. (Mawese yakiwa yameganda asubuhi, yapashe kwanza, au tumia alizeti.) Unga utakimbia na kuacha duara. Ukikuta kipenyo cha duara ni sentimita 20, gawanya ujazo wa tone kwa eneo la duara: unene ni kama nanomita 2, angstromu 21, Bohr 40. Lord Rayleigh alifanya jaribio la jamii hii kwa mafuta ya zeituni mwaka 1890 akapata nanomita 1.6. Hapo umepima unene unaokaribia molekuli moja, kwa sindano na rula.

Ila angalia tone lako vizuri. Ukiliita nusu milimita na kumbe ni milimita 0.6, ujazo umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 70, na zile angstromu 21 zilipaswa kuwa 36. Kwa hiyo andika "kati ya 20 na 40" kwenye daftari, halafu rudia na tone jingine.