Ngoma ya Kamina na Kinanda cha Umeme



Katika parokia nyingi za Lubumbashi, toka Katuba mpaka Ruashi, neno moja linasikika sana siku hizi: kwaya isiyo na kinanda cha umeme si kwaya. Watu wanachanga franka wapate kinanda, kisha vipaza sauti, ambavyo vijana wanaviita bafle, kisha jenereta, maana umeme hukatika. Wengine, hasa wazee, wananung'unika ya kwamba vyombo hivyo vimeua ngoma, heri virudi dukani vilikotoka. Je, haki iko kwa nani? Badala ya kubishana kwa maneno matupu, nimetwaa santuri moja ya zamani iliyozaliwa katika nchi yetu wenyewe, nikaisikiliza tena toka mwanzo hata mwisho, nipate kuipima mbele yenu. Santuri hiyo ni Missa Luba.

Vijana wengi hawaijui, basi nieleze kwa kifupi. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Kamina iko kwenye njia ya reli itokayo kwetu kwenda Kasai. Hapo shuleni alikusanya wavulana wapata 45, wa miaka tisa mpaka kumi na minne, na walimu wapata 15, akawafanya kwaya. Wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Padri hakuwaletea nyimbo za Ulaya wazikariri. Aliwaacha waimbe maneno ya Kilatini ya Misa kwa namna za nyimbo zao, mmoja akitangulia na wengine wakiitikia, ngoma zikiwafuata. Mwimbaji mkuu alikuwa Joachim Ngoi. Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba kwenye Maonyesho ya Brussels, na santuri ikatolewa.

Sasa tusikilize. Kyrie imefuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Mwaka 1958 Misa ilikuwa bado kwa Kilatini, na waamini wengi hawakuelewa neno kwa neno. Lakini mtu aliyezoea kilio cha matanga aliposikia sauti ile, hakuhitaji mkalimani. Alijua mara moja ya kwamba hapa mtu mwenye huzuni anaomba huruma. Katika Credo, wanapofika kwenye kusulibiwa kwa Bwana, sauti inashuka tena katika maombolezo. Sanctus inakwenda polepole, kwa heshima, halafu Hosanna inaamka kwa mwendo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, na hata msikilizaji aliyeketi anatikisa mguu. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya kazi hii: maneno yalikuwa ya kigeni, lakini muziki uliyatafsiri.

Haifai kusifu tu. Santuri hii ina upungufu wake. Sauti za watoto ni safi mno mahali pengine, mtu anatambua kwamba mwalimu amezipiga pasi. Tena jina lenyewe, "Luba", linafunika mambo mengi, maana nyimbo zilizotumiwa zilitoka sehemu mbalimbali, si katika kijiji kimoja. Lakini neno la kupimwa zaidi ni lingine, nalo linahusu mashine.

Waimbaji wa Kamina hawakuandika Misa ile. Waliitunga hapo hapo, wakiimba. Leo mwimbaji alirefusha hapa, kesho alifupisha pale. Mashine ikaja, ikashika namna moja tu kati ya nyingi. Baadaye watu waliisikiliza santuri, wakaandika noti, na kwaya za Ulaya na Marekani zikaanza kuimba noti zile kama kwamba ndiyo desturi ya Waluba toka zamani. Kumbe kile kilichokuwa mto kimekuwa maji ya chupa! Tena chupa hiyo ilikwenda mbali. Mwaka 1964 Pasolini alitia Gloria yake katika filamu yake ya Injili ya Mathayo, na hapo ilipata mahali panapostahili. Mwaka 1968 Lindsay Anderson alitia Sanctus katika filamu iitwayo If...., ambamo mwanafunzi mwasi wa Uingereza anaipiga na kuirudia kwenye gramafoni chumbani mwake. Wimbo wa altare umekuwa wimbo wa uasi wa kijana.

Je, niseme basi kwamba mashine ni mbaya? La. Pasipo santuri ile, mimi na wewe leo tusingekuwa na njia ya kusikia sauti za watoto wale. Mashine iliwaibia uhuru wa kubadili wimbo, lakini ilituwekea akiba. Yafaa tuyashike yote mawili kabla ya kurudi katika kwaya zetu.

Tuwe na haki pia kwa vijana wetu. Wazee wanaoitetea ngoma leo wasisahau ya kwamba zamani wamisionari wengi waliikataza ngoma kanisani, wakidhani ni ya kipagani. Ni baada ya miaka mingi, na baada ya Mtaguso wa Vatikano kusema wazi tarehe 4 Desemba 1963 kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake, ndipo ngoma ilipopata kiti chake bila woga. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Kwa hiyo ngoma nayo iliwahi kuwa kitu kipya kanisani. Hatuwezi kukikataa kinanda kwa sababu tu ni kipya.

Lakini kiko kinanda, na iko kidude cha kinanda. Mnajua ninachosema. Mpigaji anabonyeza kidude kimoja, na ngoma ya bandia inaanza kupiga yenyewe. Haimwoni padri aliyekawia mlangoni. Haijui kama mama wa marehemu amefika. Inapiga Kyrie na Gloria kwa mwendo ule ule, matanga na arusi kwa mwendo ule ule. Hapa ndipo ninapoona ajabu. Watoto wa Kamina waliimba kwa lugha ya kigeni, na muziki wao ukaeleza maana. Sisi tunaimba kwa Kiswahili chetu, kila mtu anaelewa neno, lakini muziki umenyamaza!

Nilikuwa kwenye Misa ya maziko katika parokia moja ya mji wetu. Katikati ya wimbo umeme ulikatika. Kinanda kikafa, bafle zikafa, na kwaya, iliyozoea kufuata mashine, ikanyamaza pamoja nazo. Tulisimama kimya kitambo. Kisha mzee mmoja alikwenda sakristia, akatoka na ngoma iliyokuwa na vumbi, akaanza polepole. Mama mmoja akaanzisha wimbo, sisi tukaitikia. Wengi walilia wakati ule, wasiolia hapo mbele. Umeme uliporudi, kijana wa kinanda hakubonyeza kile kidude. Alisikiliza kwanza, akatafuta sauti ya yule mama, akamfuata kwa vidole vyake mwenyewe. Nilisikia vizuri: kinanda na ngoma viliweza kukaa pamoja, mradi mashine imfuate mtu.

Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala usinunuliwe, walisema mbachao usitupwe. Basi nawaomba wakubwa wa kwaya mambo matatu. Kwanza, mkichanga kwa ajili ya kinanda, wekeni sehemu ya fedha kwa kuwamba ngoma upya, na mchague vijana wawili wakajifunze kwa yule mzee angali hai. Pili, kidude cha ngoma ya bandia kisiguswe wakati wa Misa. Tatu, tumieni simu zenu kushika nyimbo za bibi na babu zenu, lakini msiishie hapo: ziimbeni Dominika ijayo, na mkiona inafaa kurefusha au kufupisha, fanyeni kama watoto wa Kamina walivyofanya.

Na anayeweza kuipata Missa Luba, aisikilize pamoja na kwaya yake jioni moja kabla ya mazoezi. Wakifika Hosanna, aizime, awaulize: sisi tungeiimbaje?