Paul Theroux Alipopita Mwanza

Wenzangu wa uzamili wanajua napenda vitabu vya safari, kwa hiyo huniuliza waanze na kipi. Huwa namtaja Paul Theroux, Mmarekani mlalamishi anayependa treni kuliko ndege. Kilichompa jina ni The Great Railway Bazaar cha mwaka 1975, safari ya treni kutoka London hadi Asia na kurudi. Lakini kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa napendekeza Dark Star Safari cha mwaka 2002, kwa sababu humo anapita kwetu.

Mwaka 2001, mwaka aliotimiza miaka 60, Theroux alisafiri kutoka Cairo hadi Cape Town, sehemu kubwa akipita nchi kavu na majini. Hakuwa mgeni kabisa. Katika miaka ya 1960 alifundisha Malawi, kisha Makerere, Kampala. Hata neno safari kwenye jina la kitabu analitumia kwa maana yetu, yaani mwendo, wala si utalii wa kwenda kupiga picha simba.

Sura ninayoipenda ni ya meli ya MV Umoja, aliyoipanda Port Bell kuja Mwanza. Umoja ilijengwa kubeba mabehewa ya treni. Ilikuwa na ndugu yake, Uhuru, na zote zilitumikia reli moja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mali ziligawanywa: Uhuru ikawa ya Kenya, Umoja ikabaki Tanzania. Majina hayo mawili peke yake ni somo la historia.

Ndani ya Umoja, Theroux anaandika vizuri kuliko popote katika kitabu hicho. Nadhani sababu ni kwamba hawezi kushuka. Mtu akiwa katikati ya maji usiku hana mji wa kuuhukumu kwa kuutazama dirishani. Ana mabaharia, na mabaharia wanajua kitu asichokijua. Inabidi aulize na asikilize. Watu wa sura hiyo ni mafundi walio kazini, hawageuzwi kuwa mifano ya matatizo ya bara.

Akishatia mguu nchi kavu, kipimo kinabadilika. Anapanda treni kuelekea Dar es Salaam, na kila kilichochakaa kinakuwa ushahidi. Anapima kila kitu kwa Afrika aliyoiacha akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, uhuru ukiwa bado mbichi. Hasira yake juu ya misaada inayolemaza watu ina ukweli ndani yake, na inafaa tuisome bila kununa. Lakini reli haichakai kwa tabia ya watu tu. Kuna kuvunjika kwa Jumuiya, vita vya Kagera vya 1978–79, bei ya mafuta, na masharti ya mikopo ya miaka ya 1980. Mambo hayo hayaonekani dirishani, hata treni iende polepole namna gani.

Ndiyo maana simpendekezi peke yake. Baada yake msomaji avuke kwenda Ukerewe, kwa Aniceti Kitereza. Riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 na Tanzania Publishing House, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Humo pia kuna safari: Myombekere anakwenda ukweni kumrudisha mke aliyechukuliwa na wazazi wake kwa sababu hajazaa, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Ni mwendo wa miguu ndani ya kisiwa kimoja, lakini Kitereza anaupa nafasi ya kutosha hadi unajua namna ya kubisha hodi, kula, na kuomba radhi. Theroux anavuka ziwa zima na kutuachia picha kali. Kitereza anatoka kijiji kimoja hadi kingine na kutuachia jamii nzima.

Ukivisoma pamoja unaona pengo lililobaki. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na magari yanavuka kwa dakika chache pale yalipokuwa yanasubiri kivuko kwa saa. Nataka kusoma kitabu cha safari cha mahali hapo: foleni ile, wauza samaki na mahindi walioishi kwa foleni, nahodha aliyeujua mkondo kwa macho. Kiandikwe kwa Kiswahili, na mtu atakayeulizwa na majirani kama aliyoyaandika ni kweli. Theroux hakuwahi kukabiliwa na swali hilo, kwa sababu asubuhi alikuwa ameshaondoka.