Spoti kwa wote, lakini juu ya udongo gani?

Ndugu zangu, komini ikisema inataka vijana wafanye spoti, mara nyingi tunaona nini? Mipira mbili, nguo za mupira, kombe, picha na wakubwa. Kisha ile nafasi kwenye watoto walikuwa wanacheza inakatwa parseli, inauzishwa. Sasa watacheza wapi?

Sheria ya ugatuzi ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeipa komini haki ya kujisimamia. Haiwezi kungojea Kinshasa kwa kila kitu.

OMS inaomba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hata kutembea mbio-mbio kunahesabiwa. Angalieni Kigali: toka 2016, kuna siku za Mungu asubuhi wanafunga barabara kadhaa, wazee kwa watoto wanakimbia, wanapiga kinga. Ile ni uamuzi, si majengo.

Sisi wa agronomia tunajua: mbegu nzuri bila udongo ni kazi bure. Basi plani ya spoti ianze na karatasi: kila kartiye uwanja mmoja, uliopimwa, wenye mipaka na hati, usiouzishwa. Mipira itafuata.